Vibrato haiji kwa kutikisa taya



Wiki hii mniruhusu nipumzike na habari za mbolea, viazi na parachichi. Nataka tuzungumze kuhusu koo. Naam, koo la kuimbia. Kazi yangu ni uandishi wa habari, lakini jioni tatu za kila wiki mimi ni mwanakwaya, sauti ya tatu, mwanafunzi kabisa, sijafikisha hata miaka miwili. Nakaa Njombe mjini na kazi inanipeleka Makambako karibu kila wiki, ni kama kilometa 60 tu za lami. Kote ninakopita nimejenga tabia ya kuchungulia mazoezi ya kwaya. Kuna jambo nimeliona mara nyingi mno, linanikera, na kwa kuwa hapa ni kwangu, nalisema.

Jambo lenyewe ni hili: vijana wanaoanza kuimba wanadaiwa vibrato kabla hawajafundishwa kupumua.

Kwa wasioimba, vibrato ni ule mtetemo mdogo unaousikia mwimbaji anaposhikilia noti ndefu, hasa mwisho wa mstari. Sauti haitulii kama mstari wa rula, inacheza juu na chini kidogo, inapendeza. Kwenye kwaya zetu wengine wanaita mtetemo, wengine wanasema vaibresheni. Ukiwa nayo unaonekana umeiva. Usipokuwa nayo utaambiwa sauti yako imenyooka kama bomba la maji, na ukae nyuma.

Nimeshuhudia dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, sauti safi kabisa, anaingia kwenye noti bila kukosea hata mara moja. Alikuwa na miezi michache tu kwenye kwaya. Siku ya kuchagua wa kuongoza wimbo mwalimu akamwambia hana mtetemo, akautafute. Hakumwambia autafute wapi. Dada wa watu akaenda nyumbani, akafungua simu, akaanza kuiga waimbaji wa injili wa Marekani. Wiki tatu baadaye alirudi anatikisa taya kama mtu aliyekaa nje Njombe mwezi wa 7 bila koti. Sauti ikawa inalia kama mbuzi. Wiki chache tena, sauti ikakauka. Kwaya siitaji na mwalimu simtaji, maana si yeye peke yake. Kisa hiki hiki, kwa sura nyingine, nimekiona Makambako pia, na nina hakika hata wewe unayesoma ukiwa Mbeya au Dar unamjua mtu wa aina hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba vibrato ni matunda. Ukiona mti hauna matunda huning'inizi machungwa ya sokoni kwenye matawi, unaangalia mizizi. Na mizizi ya sauti ni pumzi na koo lisilokazwa.

Tuanze na sayansi kidogo, msikimbie. Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia mmoja wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, jina lake Carl Seashore, alikaa na wenzake wakapima sauti za waimbaji wakubwa wa zama zile. Walikuta sauti inapanda na kushuka kati ya mara 6 na 7 hivi kwa sekunde, na umbali kati ya juu na chini ni kama nusu toni. Siku hizi watu wa fani hii hutaja mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Hebu jaribu kugonga meza mara 6 ndani ya sekunde moja. Ni kasi kubwa, sivyo? Kwa kasi ile sikio halisikii noti mbili zinazopokezana. Linasikia noti moja iliyonona. Ikipungua sana, labda mara 4 na kushuka, na upana ukaongezeka, sikio linaanza kusikia sauti inayoyumba. Ikizidi, labda 8 na kupanda, sauti inakuwa ya woga, ile ya mbuzi.

Sasa jiulize, taya la binadamu linaweza kutikiswa mara 6 kwa sekunde, kwa mpangilio, huku linatamka maneno? Tumbo je? Ndiyo maana kutikisa hakufai. Mtetemo wa kweli unatoka ndani ya koo, kwenye misuli midogo inayovuta nyuzi za sauti ili noti ipande. Pumzi ikitoka kwa utulivu na misuli hiyo ikiwa inafanya kazi bila kukazwa, inaanza kudunda yenyewe. Huiamrishi. Ni kama usingizi: unaweza kutandika kitanda, kuzima taa na kufunga pazia, lakini huwezi kujiamrisha ulale sasa hivi. Anayejilazimisha ndiye anayekesha.

Hapo pia utaelewa umri unaingiaje. Watoto wa shule ya Jumapili huimba kwa sauti iliyonyooka, na hakuna anayewalaumu. Sauti ikishakomaa baada ya balehe, na ikipata mazoezi, mtetemo huanza kujitokeza. Kwa wazee, misuli ikilegea na pumzi ikipungua, unakuwa mpana na wa polepole, ndiyo ile sauti ya bibi zetu wa viti vya mbele ambayo sisi wenyewe tunaipenda. Sauti ina majira yake. Huwezi kudai mahindi mabichi mwezi wa 11 wakati ndiyo kwanza mbegu inaingia ardhini.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao lazima tuuondoe, maana hata walimu wengine wanauchanganya. Kucheza na noti nyingi juu ya silabi moja, kule kupanda na kushuka ngazi anakofanya Mariah Carey na ambako vijana wetu wa R&B wanakupenda sana, siyo vibrato. Ule ni urembo wa wimbo, unauchagua, unaweza kuuandika kwa sol-fa noti kwa noti. Ndugu zetu wa taarabu wamekuwa wakifanya urembo wa namna yao tangu enzi za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Vibrato ni kitu kingine: unabaki kwenye noti moja na noti yenyewe ndiyo inayopumua. Mwalimu akikwambia tia vibrato huku anataka uteleze kwenye ngazi za noti, mwombe kwa heshima akuimbie anachokitaka. Muulize, "Mwalimu, unataka noti moja au noti nyingi?" Swali hilo moja litakuokolea miezi.

Tena, hakuna vibrato moja iliyoshushwa kutoka mbinguni. Chukueni wimbo mmoja ambao karibu kila nyumba hapa Nyanda za Juu imewahi kuusikia, I Will Always Love You. Dolly Parton, aliyeutunga, aliurekodi miaka ya 1970 kwa sauti nyembamba yenye mtetemo mwepesi wa haraka, kama jani la mti. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa mtetemo mpana, mzito, wenye mabega. Nani kakosea? Hakuna. Kila mmoja ameimba na koo alilopewa. Na msisahau kwamba Whitney alilelewa kwenye kwaya ya kanisa kule Newark, akiimba tangu utotoni, miaka na miaka kabla dunia haijamsikia. Sisi tunachukua noti yake ya mwisho, tunamdai binti wa miezi minne aitoe Jumapili ijayo.

Sasa niwaulize swali la uchokozi. Nani alisema sauti iliyonyooka ni sauti maskini?

Sikilizeni kwaya zetu wenyewe zikiimba bila kinanda. Wale tuliopita UKWATA au TYCS tunajua, mkutano wa Pasaka, mamia ya wanafunzi kwenye bwalo moja, sauti nne zinaingia, nywele zinasimama. Ule utamu unatokana na sauti kunyooka na kukutana mahali pamoja. Mkiwa alto kumi na wawili na kila mmoja anatetemesha noti kwa kasi yake, hamuwi tena sauti moja, mnakuwa soko la Makambako siku ya mnada. Na msidhani ni ushamba wetu. Kwaya ya chuo cha St. Olaf kule Minnesota, chuo cha Walutheri, ilianzishwa mwaka 1912 na F. Melius Christiansen, na ilijengewa jina kwa sauti iliyonyooka. Kwaya za wavulana za Uingereza, kama ile ya King's College, Cambridge, zinasifika dunia nzima kwa sauti za juu zisizo na mtetemo mwingi. Hao hawakosi walimu wala pesa. Wamechagua.

Nyumbani tunaye pia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Mtu yule alikuwa anashuka kwenye besi nzito halafu anaruka kwenye sauti nyembamba ya juu kabisa, na dunia ikamfuata kwa hilo. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa na sauti ya mkwaruzo ambayo chuo chochote cha opera kingeikataa mlangoni. Hakuna aliyewapa alama kwa kuangalia mtetemo. Waliimba kama wao.

Basi haraka hii imetoka wapi? Mimi naona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni studio. Mwaka 1997 kampuni ya Antares ilitoa programu inayoitwa Auto-Tune, ya kunyoosha noti zilizopinda. Mwaka 1998 Cher akaitumia waziwazi kwenye Believe, na baada ya hapo haikuzuilika, hadi kwenye bongofleva yetu. Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui ni kwamba programu hiyo ikikazwa sana inaufuta mtetemo wa asili wa mwimbaji, halafu ndani yake kuna sehemu ya kutengeneza mtetemo wa bandia. Yaani kijana anakaa chumbani pale Mji Mwema akiiga mtetemo ambao huenda haukutoka kwenye koo la mtu yeyote. Anashindana na kompyuta, na kompyuta haikauki koo.

Mlango wa pili ni mashindano. Tangu Bongo Star Search ianze kwenye televisheni zetu miaka ya 2000, kila mwenye sauti anajua kwamba anapewa dakika moja ya kuwashtua majaji. Siwalaumu majaji, ile ni televisheni na inafanya kazi ya televisheni. Lakini tabia hiyo imehamia kwenye kwaya. Tunachagua mwongozaji wa wimbo kama tunachagua mshindi, kwa dakika moja, kwa kitu kinachong'aa. Yule mwenye sauti ya uaminifu, anayebeba wimbo mwanzo hadi mwisho bila kuushusha, haonekani.

Mlango wa tatu ndio unaoniuma zaidi kwa sababu ni wa kwetu wenyewe: spika. Siku hizi kanisa likipata fedha kidogo linanunua kinanda, mikisa na spika mbili kubwa kama kabati. Sipingi vyombo. Napinga sauti yake kuwekwa juu kiasi kwamba mwanakwaya hajisikii. Mtu asiyejisikia anapiga kelele, na mtu anayepiga kelele amekaza koo. Koo lililokazwa haliwezi kutetemeka. Kwa hiyo tunamnyima kijana nafasi ya kupata mtetemo, halafu tunamlaumu kwa kutokuwa nao. Hesabu hiyo haijalishi umesoma shule gani, haitoki.

Najua kuna wenye hoja ya kunipinga, na ni hoja nzito, nisiwaonee. Walimu wa kwaya wengi tulionao wanajitolea. Mchana ni mwalimu wa shule, fundi au muuza duka, saa 11 jioni yuko kanisani na kwaya ya watu 30, hana hata senti, na anatakiwa wimbo uwe tayari Jumapili. Atapata wapi muda wa kumfundisha kila mtu kupumua? Na wapo wanaosema nyimbo za kuongoza, hasa zile za kuabudu za taratibu, zinahitaji sauti yenye joto, bila mtetemo zinakuwa baridi. Nakubali yote mawili. Lakini dakika 10 za pumzi mwanzo wa mazoezi hazimwibii mwalimu kitu, zinamrudishia. Kwaya inayojua kupumua haishuki noti katikati ya ubeti, na mwalimu harudii mstari ule ule mara tisa. Na joto la wimbo linatokana na mtu anayejua anachokisema na kuyatamka maneno yakaeleweka. Mtetemo ukija utaongeza utamu juu yake.

Nisije nikaonekana nalalamika tu bila dawa, niseme ninayoyafanya mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi. Sikuyavumbua, ni mazoezi ya kawaida ya walimu wa sauti, na hayahitaji shilingi.

Kwanza, pumzi. Simama wima, mkono tumboni juu kidogo ya kitovu. Vuta hewa bila kupandisha mabega, tumbo na mbavu zitanuke. Toa hewa kwa kusema "sss" taratibu, kwa usawa, bila kukatika. Anza na sekunde 15, nenda 20, nenda 30. Wadau wa Njombe, tuko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar. Mgeni anayetoka pwani atashangaa pumzi yake imeenda wapi. Msijifananishe naye wala yeye asijifananishe nanyi, kila mtu apime maendeleo yake.

Pili, legeza. Fanya "brrr" kwa midomo, kama mtoto anayecheza lori barabarani, na upande nayo noti moja moja hadi juu na kurudi chini. Midomo ikigoma kudunda ujue pumzi haitoki sawasawa au umekaza. Hapo hakuna njia ya kudanganya, ndiyo maana nalipenda zoezi hili.

Tatu, nyoosha. Shika noti moja iliyo katikati ya sauti yako, irabu "a" au "o", hesabu hadi 8, noti isipande wala isishuke, isikue wala isififie. Ndiyo, nyoosha! Asiyeweza kushika noti iliyonyooka hana kitu cha kutetemesha. Atakuwa anaficha noti iliyopotea, na wanaosikia wanajua.

Nne, baada ya wiki kadhaa za hayo, ndipo ucheze na nusu toni. Kwenye sol-fa chukua mi na fa. Imba mi-fa-mi-fa taratibu ukifuata mshale wa sekunde wa saa ya ukutani: jozi moja kwa sekunde, kisha mbili, kisha tatu. Isiwe kwa nguvu. Ukifika kasi ambayo koo linaanza kukaza, rudi nyuma. Halafu acha, shika noti moja tu, usifikirie chochote. Kuna siku utasikia kitu kinacheza mwishoni mwa noti. Usikishtue. Kiache.

Tano, simama mbele ya kioo. Taya likitikisika, ulimi ukitikisika, mabega yakicheza, hiyo siyo yenyewe. Na jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki, kwa sababu sikio la ndani linatudanganya wote. Mimi mtetemo wangu ulianza kama mwezi wa nane wa mazoezi, mwishoni mwa noti za chini tu, tena siku ambazo sikuwa nimechoka. Kwenye noti za juu mpaka leo sauti yangu imenyooka, na sina wasiwasi nayo.

Nyongeza ndogo kuhusu dawa za mitaani. Kila kwaya ina mtaalamu wa mayai mabichi, asali na tangawizi. Kunyweni mkipenda, asubuhi ya baridi kikombe cha tangawizi kina raha yake. Ila mjue kitu kimoja: tunachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Chakula na maji vina njia yao, hewa ina njia yake, na unapomeza mlango wa njia ya hewa unafungwa. Ndiyo maana ukipaliwa unakohoa. Maji yanasaidia kwa kuupa mwili mzima unyevu, kwa hiyo kunywa tangu asubuhi, siyo dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani. Na kwa ndugu zangu wa Makambako, na ule upepo wenu na vumbi lake, msifanye mazoezi uwanjani jioni wakati jengo lipo. Pasheni sauti ndani kwanza.

Sasa nifike kwenye kinachonifanya niandike yote haya badala ya kunyamaza. Sauti ikilazimishwa inaumia, na kuumia huko siyo maneno ya kutishana. Nyuzi za sauti zikigongana kwa nguvu kila siku zinaweza kuota vinundu, na mwenye navyo anabaki na ukwaruzo. Mara nyingi vinahitaji mapumziko na mafunzo mapya ya kutumia sauti. Madaktari wanashauri ukwaruzo ukizidi wiki 3 bila kupona ukaangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo. Kwa wengi wetu wa mkoa huu hiyo ni safari, nauli, na siku za kazi zilizopotea. Na fikirieni nani anaumia. Wanakwaya wetu wengi ni walimu, wauzaji wa sokoni, wahudumu, wanafunzi wa ualimu. Watu ambao sauti ndiyo jembe lao. Mwalimu wa darasa la watoto 70 akikauka sauti kwa sababu ya kutafuta mtetemo wa Jumapili, Jumatatu anafundisha kwa nini?

Halafu kuna wanaoondoka kimya kimya. Yule dada niliyemtaja mwanzo koo lilipona. Kwaya hakurudi. Ukimuuliza anacheka, anasema yeye siyo mwimbaji. Hayo maneno, "mimi siyo mwimbaji", ndiyo hasara ambayo hatuiandiki kwenye taarifa yoyote ya mwaka. Mtu aliyekuwa na sikio zuri na noti safi amejengewa imani kwamba hana kitu, kwa sababu hakuwa na pambo ambalo kwa umri wake na muda wake wa mazoezi hakupaswa kuwa nalo.

Kwa hiyo walimu wetu, shikamooni, na poleni kwa kazi. Msidai mtetemo kwa mtu wa mwaka wa kwanza. Mdaini pumzi, noti safi na maneno yanayosikika. Mkitaka mtetemo kwa mtu aliyeiva, mwonyesheni njia, siyo kumtuma nyumbani akautafute. Viongozi wa kwaya, shusheni spika. Jaribuni hata wimbo mmoja kila Jumapili bila kinanda, mtashangaa mna waimbaji gani.

Na wewe unayeanza, uliyeambiwa sauti yako imenyooka kama bomba la maji: bomba lililonyooka ndilo linalofikisha maji mbali. Endelea kuimba.

Nawasilisha.